Swali la Tangi la Ndege

Wakati wa mazoezi ya kufundisha tuliketi nyuma ya darasa la sita, daftari la ukaguzi magotini, tukimsikiliza mwanachuo wetu akifundisha habari za usafiri. Mtoto mmoja alinyoosha mkono, akauliza: "Mwalimu, mbona ndege wasiitie tangi kubwa zaidi, iende popote bila kutua?" Mwanachuo akamjibu kwamba hayo ni mambo ya wahandisi, akaurudia ubao wake. Nasi tukaandika: "Amelimudu darasa." Sentensi hiyo inatuudhi hata leo, kwani sisi wenyewe hatukuwa na jibu.

Tulipolitafuta, tulilikuta karibu kuliko tulivyodhani. Wapagazi wa misafara ya kale, walipoikabili nyika ya Mgunda Mkali kati ya Ugogo na Unyanyembe, iliwapasa kubeba chakula chao. Nyika ikirefuka, mizigo ya chakula huzidi. Mizigo ikizidi, wapagazi huongezwa. Nao wapagazi hula. Ndivyo ilivyo ndege. Mafuta ni mzigo, na mzigo huo hula mafuta: ongeza kilo 1,000, na kwa kila saa ya safari kilo kama 30 au 40 zitaungua kwa kuzibeba hizo zilizoongezwa tu. Kwa hiyo mbunifu haanzi na tangi. Huanza na njaa ya ndege yenyewe.

Tazama Boeing 757, ndege ya ukubwa wa kati iliyobuniwa Marekani baada ya bei ya mafuta kupanda ghafla mwaka 1973. Ilikusudiwa kushika nafasi ya Boeing 727, yenye injini tatu na mabawa yaliyolazwa nyuma nyuzi 32. Wabunifu waliweka injini mbili tu, lakini zenye feni pana mbele. Hapa yafaa kuwapeleka watoto ziwani, walau kwa mawazo: kafi pana lisukumalo maji mengi polepole huendesha mtumbwi kwa jasho dogo kuliko kijiti kichapacho maji machache kwa kasi. Feni pana huifanyia hewa vivyo hivyo. Mabawa nayo waliyalaza nyuzi 25, wakayafanya manene zaidi. Ndege hiyo, ya abiria wapatao 200, ilianza kazi tarehe 1 Januari 1983.

Juma lililofuata tuliomba ruhusa ya kurudi katika darasa lile. Kila "mpagazi" alipewa punje 10 za mahindi, awe akila moja kila siku. Msafara ufikishe punje 20 upande wa pili. Kwa safari ya siku 5 walitosha wapagazi 4. Kwa siku 8 walihitajika 10, na darasa likaguna. Tukauliza: je, siku 10? Binti mmoja akasema hata akienda mkoa mzima, haitafika punje hata moja.

Mtoto wa swali la tangi alikuwapo, karibu na dirisha. Alihesabu punje zake sawasawa, lakini hakunyoosha mkono kipindi chote.

Siku hizi ukurasa wa kwanza wa daftari letu la ukaguzi tunauandika maswali ya watoto, neno kwa neno. Mwanachuo aliyekosa jibu huondoka na swali hilo, naye hulirudisha darasani kipindi kinachofuata, hata kama azimio la kazi limekwisha kusonga mbele.