Rubani aliyeacha magunia akashika roketi

Kuna mzee mmoja wa Kizungu ananisumbua kichwa. Anaitwa Carl Gustaf von Rosen, na alishafariki zamani. Kila nikidhani nimemwelewa, ananiponyoka. Hebu nikusimulie, halafu tuone wewe utamweka kundi gani.

Von Rosen alizaliwa Sweden mwaka 1909, mtoto wa ukoo wa makabaila. Angeweza kukaa kwao akala urithi taratibu, lakini yeye akapenda ndege. Italia ilipoivamia Ethiopia mwaka 1935 akafunga safari, akawa rubani wa ndege ya Msalaba Mwekundu, akibeba majeruhi. Mwaka 1939 Wasovieti wakaishambulia Finland. Akajitolea tena, ila safari hii alirusha ndege ya abiria iliyogeuzwa ya kuangusha mabomu. Vita zote mbili hazikuwa za nchi yake. Baada ya Vita Kuu ya Pili akarudi Ethiopia kuwafundisha marubani wa jeshi la Haile Selassie, akakaa huko mpaka mwaka 1956.

Halafu ikaja Biafra. Wazee wetu wanaikumbuka vizuri, maana mwezi Aprili 1968 Tanzania ya Mwalimu Nyerere ilikuwa nchi ya kwanza kuitambua. Serikali ya Nigeria ilikuwa imeizingira Biafra pande zote. Watoto walikuwa wanakufa kwa njaa, na picha zao zilizunguka dunia nzima. Chakula kilipita angani tu, usiku, kikishushwa Uli, kipande cha barabara kilichogeuzwa uwanja wa ndege. Agosti 1968 safari zikakwama kwa hofu ya mizinga. Von Rosen akapakia ndege kubwa chakula na dawa kisiwani São Tomé, akaruka chinichini karibu kugusa miti, akatua. Wenzake wakaona kumbe inawezekana.

Angeishia hapo, leo ningemwita shujaa bila kupepesa macho. Hakuishia hapo.

Hoja yake ilikuwa nyepesi: una faida gani kumlisha mtoto leo, kama kesho ndege ya kivita itamlipua? Zikanunuliwa ndege ndogo za Kiswidi, za injini moja na viti viwili, aina ya MFI-9. Zikafungwa roketi kule Gabon. Tarehe 22 Mei 1969 ndege tano, yeye akiwa mbele, zikashambulia uwanja wa Port Harcourt, na siku zilizofuata zikashambulia viwanja vingine. Ndege za kujifunzia, nyingine ukiziona utadhani za kuchezea, zikaitia serikali kiwewe.

Sasa sikiliza hii. Tarehe 5 Juni 1969, siku 14 tu baadaye, ndege ya kivita ya Nigeria ikaitungua ndege ya Msalaba Mwekundu iliyobeba chakula. Wote waliokuwa ndani wakafa. Msalaba Mwekundu ukasimamisha safari zake za usiku.

Sitasema Von Rosen ndiye aliyewaua. Aliyefyatua anajulikana, na Nigeria ilikuwa inalalamika tangu zamani kwamba ndege za silaha na za chakula zinapita njia ile ile gizani. Lakini rubani maarufu kuliko wote wa misaada alipoonekana anarusha roketi, nani angemshawishi mwanajeshi aliye chini kwamba ndege inayofuata ina maziwa ya unga tu?

Mimi ni mwandishi wa habari, kwa hiyo jambo hili linanigusa. Wenzetu wanaoripoti vita huandika kifuani kwamba wao ni waandishi. Yale maandishi hayazuii risasi. Kinachowalinda, pale inapowezekana, ni imani kwamba aliyeyavaa hana bunduki. Siku mmoja akiikamata, hata kwa sababu nzuri kabisa, deni litalipwa na wengine ambao hawakuulizwa. Ndiyo maana msimamo wangu ni huu: ukishachagua kubeba magunia, baki na magunia. Ukitaka kupigana, vua ile alama kwanza, na uende mbali na walioivaa.

Najua ni rahisi kusema hivyo nikiwa Dar, chai iko mezani. Yeye aliwaona wale watoto kwa macho yake.

Biafra ilisalimu amri Januari 1970. Von Rosen akarudi tena Ethiopia. Wakati wa ukame wa miaka ile ya sabini alitumia ndege ndogo za ukoo ule ule wa zile za Biafra, safari hii akidondosha mifuko ya chakula kwenye vijiji visivyofikika kwa gari. Julai 1977 alikuwa Gode, Ogaden, katika kazi hiyo hiyo ya misaada, wapiganaji kutoka Somalia waliposhambulia. Akauawa akiwa ardhini, umri wake miaka 67.

Hakuwa na roketi siku hiyo.