Wasee wa Ronga, Tupande Ngong Kabla Njia Hazijafungwa

Watu wa tao wakitaka kutuchokoza wanatuita diaspora. Ati ukija Rongai lazima ubebe pasipoti na chakula cha safari. Sawa, tumezoea. Tunajulikana kwa nganya, kwa muziki wa kupasua masikio na kwa jam ya Magadi Road, ile inaweza kukuzeesha ukiwa umekalia kiti. Lakini kuna kitu watu wa tao hawana na sisi tunakipita kila siku bila kukiangalia. Simama juu ya ploti yoyote ndefu hapa mtaani asubuhi, tazama magharibi. Vilima saba vimejipanga kama vifundo vya ngumi. Hiyo ni Ngong, na iko karibu nasi kuliko CBD siku ya jam.

Maoni yangu ni haya, na niko tayari kuyatetea: kila kijana wa Rongai, Kiserian, Ngong na Kitengela anafaa kutembea hivyo vilima kwa miguu yake, mwisho hadi mwisho, angalau mara moja kwa mwaka. Picha utapiga, hakuna mtu atakukataza. Sababu yangu ni nyingine. Njia ambayo haina watu hufungwa, na huku kwetu zinafungwa haraka sana.

Tuanze na mlima wenyewe, ndio tujue tunaongelea nini. Jina Ngong limetoka kwa Kimaasai, enkong'u emuny, yaani chemchemi ya kifaru. Hata Ongata Rongai ni Kimaasai, uwanda mwembamba. Kuna hadithi kwamba jitu lilijikwaa Kilimanjaro likaanguka kifudifudi, na vifundo vya mkono wake ndivyo hivyo tunaviona. Watu wa jiolojia wana hadithi yao: haya ni mabaki ya volkano ya zamani sana, na upande wake wa magharibi ulikatika Bonde la Ufa lilipokuwa likididimia. Ndiyo maana upande wetu umelala polepole, halafu ukifika juu na kuangalia ng'ambo, ardhi inaanguka ghafla chini ya miguu yako. Kilele cha juu kabisa kinaitwa Lamwia, mita 2,460. Hapo hewa inakuwa nyepesi na mdomo unaacha kuongea wenyewe.

Kuna jambo moja hunikera. Ukiuliza mtu wa Ulaya kuhusu Ngong, kuna uwezekano mkubwa anaijua. Karen Blixen, Mdenmaki aliyekuwa na shamba la kahawa chini ya hivi vilima, aliviandika kwenye kitabu chake cha mwaka 1937, na sinema yake ikatoka 1985. Rafiki yake Denys Finch Hatton alikufa kwa ajali ya ndege kule Voi mwaka 1931, akazikwa kwenye miteremko ya Ngong, na watalii bado wanakuja kulitafuta kaburi. Mtu anapanda ndege kutoka Copenhagen kuja kuona mlima ambao jirani yangu anautumia kujua kama nguo zitakauka. Si vibaya, waje. Lakini nasi tuna miguu.

Sasa tuongee doo, kwa sababu najua hapo ndipo wengi mnakwama. Siku hizi kuna makundi ya haiki yenye vifurushi: basi, fulana, mtu wa ngoma, mpiga picha, mbuzi mwisho wa safari. Ni poa kama uko nazo. Tatizo ni kwamba imeanza kuonekana kama kutembea ni kitu cha watu wenye viatu vya elfu kumi na mbili. Mimi na binamu zangu wawili tulienda na raba za kawaida. Tulichukua matatu ya kwenda Kiserian, tukashukia hapo, tukapata nyingine ya Ngong, halafu tukatembea kutoka mjini hadi kwenye geti. Msitu unasimamiwa na Shirika la Huduma za Misitu, KFS, na kuna kiingilio unalipa. Kutoka getini hadi Kona Baridi kupitia vilele vyote ni kama kilomita kumi hivi. Sisi tulitumia saa tano, tukipumzika bila aibu. Ukishuka Kona Baridi uko kwenye Magadi Road, unapata gari la kurudi Kiserian, na hiyo inaitwa mzunguko kamili. Kila mtu alikuwa na lita mbili za maji, ndizi, mayai ya kuchemsha na chapati za jana.

Beba jaketi. Usiniambie ati jua limewaka. Upepo wa huko juu si wa kubembeleza, na ndiyo maana mitambo ya upepo ya kwanza ilisimamishwa huko mwaka 1993 kwa msaada wa Ubelgiji. Leo KenGen ina uwezo wa kuzalisha megawati 25.5 kutoka kwa hayo mapangaboi makubwa. Ukipita chini ya moja unasikia ikipumua, vuu, vuu, kama mnyama mkubwa amelala.

Na wasichana wenzangu, hili tuliseme wazi. Vilima hivi vimewahi kuwa na visa vya watu kuibiwa. Usiende peke yako, usiende jioni, na kama kundi lenu ni dogo, ombeni pale getini askari wa msitu awasindikize. Mathe alikataa kabisa hadi nilipomwambia tutakuwa na askari. Alinipigia simu mara nne hata hivyo, na mara ya tatu nilikuwa nimekaa kwenye jiwe nakula yai nikiangalia Suswa na Longonot kule bondeni. Nilimwambia, "Mathe, niko salama, niko juu ya kila kitu." Akaniuliza kama nimevaa sweta.

Huko juu ndipo unaelewa unapoishi. Upande wa magharibi, Bonde la Ufa, kahawia na kimya. Upande wa mashariki, sisi: mabati yanang'aa kutoka Ngong hadi Kiserian hadi Rongai, halafu mstari wa kijani wa mto Mbagathi, halafu Mbuga ya Taifa ya Nairobi, halafu mbali kabisa Kitengela na viwanda vya Athi River. Unaona kwa macho yako jinsi nyumba zinavyosukuma. Hiyo mbuga ilianzishwa mwaka 1946, na upande wake wa kusini uliachwa bila ua ili wanyama watoke kwenda malishoni Kitengela na Kaputiei, kisha warudi. Lakini Kitengela ilikuwa ranchi ya pamoja, ikagawanywa miaka ya 1980, kila mtu na kipande chake, na vipande vikaanza kuuzwa. Kila anayenunua kitu cha kwanza anachofanya ni kuzungusha seng'enge. Mwaka 2000 ulianza mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasiweke ua. Fikiria: ilibidi watu walipwe ndio nyumbu apite.

Nyumbu alipewa mpango. Mtu wa miguu je?

Tukiwa kilele cha tano tulikutana na mzee akichunga mbuzi, shuka mabegani, redio ndogo mfukoni. Binamu yangu akamsalimia, "Sopa, mzee." Akaitikia, "Epa," halafu akatuangalia viatu, akatabasamu. Tukamuuliza njia ya kushuka. Akatuonyesha kwa fimbo, na akaendelea kuongea kana kwamba alikuwa amengoja mtu wa kumwambia.

"Mimi nikiwa kijana kama nyinyi, nilikuwa natoka hapa na ng'ombe mpaka Kitengela. Sikupinda popote."

"Na sasa unapinda, mzee?"

"Sasa naomba. Kila mahali naomba. Kwa huyu naomba, kwa yule naomba. Mwingine ananiambia nipite, mwingine anafungulia mbwa."

Nilimwelewa kabisa, kwa sababu hata kwetu Rongai kulikuwa na njia. Ilipita nyuma ya ploti yetu, ikateremka hadi mtoni, na kwa hiyo njia mathe alikuwa anafika sokoni kwa dakika kumi na tano. Mimi nilipita hapo nikienda shule miaka mitano. Siku moja tukaamka tukakuta nguzo, wiki iliyofuata waya, mwezi uliofuata ukuta wa mawe wenye vipande vya chupa juu. Hakuna aliyeuliza kitu. Watu walilalamika dukani siku mbili, kisha wakazoea kuzunguka. Sasa mathe anapitia barabara kubwa, mahali hakuna hata nafasi ya kuweka mguu, matatu zikimpita karibu na bega. Nikiwaambia njia ni jambo la uhai, simaanishi mandhari tu.

Mtasema hiyo ni maendeleo, na mtu ana haki ya kuzungushia ua ardhi yake. Kweli, mwenye hati ana haki. Lakini kuna nchi ambazo mali ya mtu inalindwa na njia ya mpita njia pia inalindwa, na hazikupata hivyo kwa kuomba tu. Uingereza, tarehe 24 Aprili 1932, vijana wengi wao wafanyakazi wa viwanda vya Manchester walipanda kilima cha Kinder Scout ambacho matajiri walikuwa wamekifungia kwa ajili ya kuwinda ndege. Walienda mamia, kwa miguu, mchana kweupe. Watano wakafungwa jela. Ilichukua miaka mingi, lakini mwaka 2000 ikapitishwa sheria ya kuwapa watu haki ya kutembea kwenye milima na nyika za wazi. Na kule Wales, mwaka 2012 walifungua njia ya miguu inayofuata pwani yote ya nchi, kama kilomita 1,400, juu ya majabali na kwenye rasi zilizoingia baharini, na hakuna geti la kulipia hiyo njia. Bibi wa miaka sabini anatoka nyumbani na fimbo yake, anatembea mahali mfugaji anafuga kondoo, na hakuna anayemfungulia mbwa.

Sisi hatuna pwani Kajiado. Ama tuseme tunayo, lakini iko mbali. Maji yanayoteremka kutoka Ngong yanaingia Mbagathi, Mbagathi inaingia Athi, Athi ikifika mbali inaitwa Galana, halafu Sabaki, halafu inamwaga baharini kaskazini ya Malindi. Mwaka jana nilikuwa Malindi kwa shangazi. Tukaenda kwenye ile rasi yenye mnara wa Vasco da Gama, kisha siku iliyofuata tukatembea ufukweni kuelekea mdomo wa Sabaki. Mvua ilikuwa imenyesha huku bara. Bahari ilikuwa kahawia, rangi ya chai ya maziwa, mbali sana hadi ndani. Shangazi akasema, "Huo ni udongo wenu, mwanangu. Mnatuletea kila mwaka." Tulicheka, lakini nilijua sehemu yake ilitoka kwenye mteremko niliokuwa nimeupanda, mahali miti imekatwa na bodaboda zimechimba mitaro.

Hiyo yote nimeijua kwa kutembea. Kwa nganya ningejua tu nyimbo mpya.

Kwa hivyo nataka tufanye nini? Mambo matatu, na hakuna hata moja linahitaji mfadhili.

Kwanza, tembeeni, na mwende wengi. Chagueni Jumamosi moja kwa mwezi. Si lazima Ngong kila mara. Ifuateni hata njia ya mtoni mtaani kwenu. Njia inayoonekana ina watu, wakubwa kwa watoto, ni ngumu kuifunga usiku mmoja.

Pili, jua njia zako kwa majina. Uliza wazee wa mtaa ipi ilikuwa ya umma na ipi ilikuwa ya hisani. Ramani za upimaji zinaonyesha barabara za umma, na ukiona nguzo imechimbiwa katikati ya mojawapo, uliza mapema, kwa chifu na kwa ofisi ya ardhi, kabla ukuta haujafika. Katiba ya 2010 inasema wananchi washirikishwe kwenye mambo ya kaunti. Mikutano ya bajeti ya kaunti huwa na wazee na viti vitupu. Nendeni mkaulizie sehemu ya wapita njia kando ya barabara. Mkiwa ishirini wenye umri wetu mtasikika tu, kwa sababu hawajazoea kutuona.

Tatu, ukipanda usiache chupa. Nimeona watu wakipiga picha nzuri kabisa wakiwa wamesimama juu ya takataka zao. Chupa hiyo mvua ikinyesha itapita nyuma ya kwenu, itapita Kitengela, na siku moja itamfikia shangazi yangu.

Sisi tunaenda tena Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Tunatoka Rongai saa kumi na mbili asubuhi, kabla makanga hawajaamka vizuri na nauli haijapanda. Mathe amesema safari hii anakuja, na ameshaniuliza kama nimevaa sweta.