Majirani Wawili wa Mtito Andei

Ukishuka Mombasa kwa barabara pamoja na jamaa yako, huenda mkatua Mtito Andei, karibu nusu ya safari, mpate chai. Kabla ya kurudi garini, waonyeshe watoto mambo mawili: moja ardhini, la pili mtini.

Ardhini, hasa baada ya mvua, mnaweza kuona vilima vidogo vya udongo vikirusha mchanga mithili ya volkano. Anayerusha ni fuko asiye na manyoya, mnyama wa jamii ya panya mwenye uzito wa gramu 35 hivi. Chakula chake ni viazi mwitu, na kuvipata katika nyika ile ni kubahatisha. Ndiyo maana fuko huchimba kwa msururu: wa mbele hung'ata udongo kwa meno, wa kati huusukuma nyuma, wa mwisho huutupa nje.

Kisha inueni macho kwenye migunga. Vile viota vya nyasi kavu vilivyojazana upande mmoja wa mti ni vya kwera mwenye nyusi nyeupe, ndege aimbaye kabla jua halijachomoza. Kiota cha kulala kina milango miwili. Cha mayai kina mmoja.

La ajabu ni kwamba majirani hawa wana desturi moja. Mwaka 1981 mtaalamu Jennifer Jarvis alieleza kuwa katika ukoo mzima wa fuko hawa, ambao waweza kupita 100, anayezaa ni malkia mmoja tu. Kadhalika kwera: katika kila kundi huzaa jozi moja, na wengine, aghalabu watoto wao wakubwa, husaidia kulisha makinda.

Hata hivyo, usidhani huo ni upendo mtupu. Malkia wa fuko huwasukuma wafanyakazi wake, na wengi wao hufa bila kuzaa. Kwera msaidizi naye aweza siku moja kuruka hadi mti mwingine, akaanza mji wake.

Umoja ni nguvu, walisema wahenga, na nyika yathibitisha. Lakini yule kifungua mimba wako, anayepika na kuwalea wadogo zake, je, umemwachia mlango? Mkiwa garini, waulize watoto: nyumba yetu ni ya fuko au ya kwera? Nawe mzazi, uwe tayari kwa jibu.