Jembe Nililolivua Nguo

Karakana yangu hapa Kasulu imejaa springi za malori, mapipa yaliyopasuka na majembe yaliyolika hadi shingoni. Nakata, nakunja, nachomelea, mpaka nipate sanamu isiyofanana na mtu wala mnyama. Umbo halinisumbui. Kinachoninyima usingizi ni rangi.

Nautafuta wekundu wa majani machanga ya miyombo mvua zikikaribia, pale misitu ya Kibondo inapong'aa kama shaba kwa siku chache kabla ya kuwa kijani. Chumvi ya Uvinza na maji ya ndimu hutoa kutu upesi, lakini ya rangi ya chungwa, nayo hupukutika mkononi. Magome ya miyombo niliyoyachemsha huigeuza kutu ikawa nyeusi yenye buluu ndani yake, kama wingu zito. Vipande vya shaba navipaka chumvi, navifungia kwenye ndoo juu ya mkojo wa ng'ombe uliochacha; vinaota kijani. Mwisho napaka nta ya nyuki wa Kibondo chuma kikiwa na moto, hewa isizidi kukila.

Babu alikuwa mhunzi, na mvuta mivukuto wake nilikuwa mimi. Alipokitia chuma ukali alitazama rangi ikitambaa: manjano, zambarau, buluu. Leo najua hizo ni nyuzi 220 hivi, 280, kisha 300. Yeye alisema tu, "Bado. Bado. Sasa."

Ukutani kwake lilining'inia jembe la kufuliwa, moja ya yale aliyomposea bibi. Lilikuwa na hudhurungi iliyoiva, weusi wa moshi, na mng'ao wa viganja vya watu waliokwisha kufa.

Nilirudi kutoka masomo ya ufundi, ambako nilifunzwa kuwa kutu ni uchafu. Hakuna aliyetuambia kwamba mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha habari za matanuri ya kale ya majirani zetu Wahaya, yaliyotoa feleji zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Nikataka kumfurahisha babu. Nikalichukua jembe, nikalisugua kwa brashi ya waya mpaka likawa jeupe, nikalipaka rangi ya fedha.

Alilipitishia kidole gumba. "Umelivua nguo, mjukuu wangu." Akalirudisha ukutani. Hakuishi kuiona masika iliyofuata.

Sasa wanunuzi wa vyuma chakavu hupita vijijini na mizani, na majembe ya namna ile huenda kwa kilo. Nikiwahi, nanunua mimi. La babu sijalichomelea popote. Rangi ya fedha niliiondoa, lakini chini yake hamna kitu, isipokuwa kwenye mkia uliokuwa umezama ndani ya mpini, ambako brashi yangu haikufika. Hapo pamebaki upana wa vidole viwili wa rangi ya zamani. Kila kipande ninachokijaribu nakipeleka dirishani, nakiweka kando ya mkia huo, natazama.

Bado.