Mgeni, Jembe na Chaki: Tafakuri Kuhusu Ualimu wa Lugha Ufuoni

Wahenga wetu walituachia methali mbili kuhusu mgeni, na aghalabu sisi huzitaja kila moja kivyake bila kuzipambanisha. Ya kwanza hunena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ya pili hunena: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali ya kwanza humwona mgeni kuwa baraka. Ya pili humwona kuwa mtu ambaye, akiamua kukaa, hana budi kushiriki kazi ya wenyeji wake. Methali hizi zimekuwa zikinijia akilini kila ninapotafakari suala ambalo limenitatiza kwa muda mrefu, yaani suala la wageni wanaosafiri hadi miji ya ufuoni ili wafundishe Kiingereza.

Suala lenyewe si la nchi moja. Kuanzia Phuket nchini Thailand na Nha Trang nchini Vietnam hadi Diani na Watamu hapa kwetu, kazi ya kufundisha Kiingereza hutangazwa pamoja na bahari. Msomaji akizichunguza picha za matangazo hayo atagundua kwamba zina mpangilio wake: kwanza minazi, kisha maji ya samawati, na mwisho kabisa watoto waliovaa sare, wakitabasamu. Ubao na mwalimu mwenyeji ni nadra kuonekana. Ni kana kwamba darasa lile lilikuwa tupu, likimsubiri mgeni ashuke kwenye ndege ndipo masomo yaanze.

Sisemi haya kwa kusimuliwa. Shangazi yangu amefundisha Kiingereza kwa zaidi ya miaka 20 katika shule moja ya msingi kusini mwa Pwani. Kutoka darasani mwake hadi baharini ni mwendo wa dakika chache kwa bodaboda. Mimi huenda kwake kila likizo ndefu ya chuo, na kwa kuwa nasomea ualimu, hunikabidhi madaftari nimsaidie kusahihisha. Mwaka mmoja nilikuwa nikilisahihisha daftari la msichana wa gredi ya 4, nikaona jambo lililonishangaza. Somo la rangi lilikuwa limeandikwa mara 3, katika miezi tofauti. Somo la sehemu za mwili nalo mara 3. Katikati ya masomo hayo zilikuwamo kurasa za shangazi: umoja na wingi, wakati uliopita, na aya fupi kuhusu siku ya soko ambayo haikukamilishwa.

Nilipomuuliza sababu, shangazi alicheka kicheko kisicho na furaha. "Mwanangu," akasema, "kila mgeni huanza mwanzo. Hakuna anayeuliza mwenzake aliishia wapi."

Mwaka ule walikuwa wamefika vijana 3 kwa nyakati mbalimbali, na kila mmoja alikaa kati ya wiki 2 na wiki 4. Mara 3 shangazi alihamishwa hadi dawati la nyuma la darasa lake mwenyewe, kwani mkuu wa shule aliamini kuwa Kiingereza cha mwenye lugha hakiwezi kulinganishwa na cha kujifunza. Mara 3 watoto walilia siku ya kuagana. Mara 3 silabasi ilisimama. Mtihani wa mwisho wa muhula ulipofika, haukuuliza majina ya rangi. Uliuliza insha, na insha haikuwa imefundishwa ikakamilika.

Ni muhimu niseme wazi kuwa vijana wale hawakuwa watu wabaya. Mmoja wao alikuwa amefanya kazi ya usiku mkahawani kwao mwaka mzima ili alipe nauli na ada ya wakala aliyemleta. Sehemu kubwa ya ada hiyo haikuvuka bahari. Kilichofika shuleni kilikuwa kasha la kalamu na mpira mmoja. Kijana huyo aliwapenda watoto kwa dhati, akalia pamoja nao. Ukimpima kwa nia, utampa alama zote. Ukimpima kwa daftari la yule msichana, utasitasita.

Miaka michache baadaye alifika mgeni wa namna nyingine, mwalimu mstaafu. Walimu walipomuuliza kilichomleta, alijibu bila kupindapinda kwamba viungo vyake haviwezi tena baridi ya kwao na kwamba anapenda kuogelea. Bibi huyo aliketi nyuma ya darasa la shangazi wiki nzima, akisoma silabasi na kujifunza salamu za Kidigo. Kisha akaomba apewe wasomaji dhaifu 6, akawa anawasomesha mmoja mmoja alasiri chini ya mwembe, kwa vifungu alivyochagua shangazi. Maendeleo ya kila mtoto aliyaandika kwenye daftari, na alipoondoka alimwachia shangazi daftari hilo. Alirudi miaka 2 iliyofuata, na mara zote mbili akaanzia pale daftari lilipoishia. Alifuata jua na maji, na hakuficha. Lakini likizo yake aliilipia mwenyewe. Ya vijana wale, bila wao kujua, ililipiwa na mtoto wa gredi ya 4.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu ambao, tunapolijadili suala hili, hukimbilia kuuliza: "Wamekuja kwa nia gani?" Nia ni kitu cha ndani, tena ni nadra iwe moja. Mtu huyo huyo anaweza kupenda watoto, kupenda bahari, kukimbia ukosefu wa kazi kwao na kutaka sifa, yote kwa siku moja. Historia ya lugha yetu inatufunza vivyo hivyo. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 akiwa na nia ya kueneza Ukristo. Kabla ya kufundisha alijifunza. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Tunaweza kubishana mchana kutwa kuhusu nia yake, na kuhusu milango ambayo kazi za wamisheni ziliwafungulia wakoloni. Hata hivyo, mtafiti yeyote wa msamiati wa Kiswahili cha karne ya 19 hawezi kuipuuza kamusi ile. Nia ya mtu haituelezi kila kitu kuhusu kazi yake. Swali lenye manufaa zaidi ni hili: mgeni huyu atamwachia nani nini, na nani atamsahihisha akikosea?

Lakini je, ni kwa nini mkuu wa shule alimhamisha mwalimu mwenye tajriba ya miaka 20 ili ampishe kijana ambaye hajawahi kushika chaki? Jibu lina historia, na sehemu ya historia hiyo iliandikwa hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1961, nchi za Jumuiya ya Madola ziliandaa kongamano katika Chuo cha Makerere, Uganda, kuhusu ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. Robert Phillipson, katika kitabu chake Linguistic Imperialism cha mwaka 1992, alizikusanya itikadi zilizotawala fikra za wakati ule na kuzibainisha kuwa ni potofu. Miongoni mwazo ni kwamba Kiingereza hufundishwa vyema zaidi kwa Kiingereza pekee, na kwamba mwalimu bora ni mzawa wa lugha hiyo. Phillipson alipinga: mzawa huijua lugha yake, ila kuijua lugha si sawa na kujua kuifundisha. Aliyejifunza lugha kwa jasho hujua panapoteleza.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunalifahamu jambo hili bila kusoma Phillipson. Mwamu au Mmvita hawi mhadhiri wa sarufi kwa kuzaliwa Lamu au Mombasa. Angalitakikana kusomea ngeli, mofolojia na mbinu za ufundishaji kama mwenzake aliyezaliwa Kakamega. Shahada ya ualimu nchini hutuchukua miaka 4, yakiwemo mazoezi ya kufundisha chini ya macho ya mkaguzi. Cheti kinachouzwa kwa wingi duniani kwa wanaotaka kufundisha Kiingereza ughaibuni ni cha saa 120, na wapo wanaokuja bila hata hicho.

Kinaya hakiishii hapo. Korea Kusini, kwa mfano, kwa miaka mingi imetoa viza ya ualimu wa Kiingereza hasa kwa raia wa nchi 7 zinazohesabiwa kuwa za wazawa wa lugha hiyo: Marekani, Uingereza, Kanada, Ayalandi, Australia, Nyuzilandi na Afrika Kusini. Mkenya aliyesoma kila somo kwa Kiingereza tangu utotoni, akahitimu kwa daraja la kwanza, hayumo. Kwa hivyo pasipoti ndiyo iliyofanywa kuwa cheti cha ualimu. Inamfungia Mkenya mlango huko, na huku kwetu inamwondoa shangazi mbele ya darasa lake.

Nisieleweke vibaya. Sikipigi Kiingereza vita. Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Wazazi wa Kwale na Kilifi wanakitaka Kiingereza kwa sababu wanajua mlango wa hoteli hufunguliwa kwa lugha gani. Aidha, watu wa Pwani si wavivu wa lugha. Nenda Malindi usikilize vijana wanaouza vinyago wakizungumza Kiitaliano. Nenda Diani uwasikie wakizungumza Kijerumani. Wengi wao hawakuletewa mwalimu wa kujitolea. Walijifunza mchangani kwa kuhitaji na kuthubutu. Watu wenye uwezo huo hawastahili kuchukuliwa kuwa uwanja wa kufanyia majaribio ya ualimu.

Sheria zetu nazo hazijanyamaza. Sheria ya Tume ya Kuajiri Walimu ya mwaka 2012 inamtaka anayefundisha awe amesajiliwa, na mgeni anayefanya kazi, hata ya kujitolea, huhitajika kuwa na kibali. Kasoro ni kwamba shule yenye upungufu wa walimu hufumba macho, na msaada unaotolewa kwa tabasamu ni mgumu kuukagua. Kwa maoni yangu, kabla ya mgeni kupewa chaki, shule ingeuliza maswali matatu. Je, una ujuzi gani unaoweza kuonyeshwa? Je, utakaa muda wa kutosha kuanza jambo na kulimaliza? Je, uko tayari kuwa chini ya mwalimu mwenyeji, afuate silabasi naye mgeni amfuate yeye? Anayeshindwa na maswali haya bado anakaribishwa kuogelea. Bahari haimkatai mtu.

Mizani hii, msomaji mpendwa, haiwapimi wageni peke yao. Inatupima na sisi. Kwa miaka mingi wahitimu wa Kiswahili kutoka vyuo vyetu wamekwenda kufundisha Kiswahili katika vyuo vya Marekani, wengine kupitia mpango wa Fulbright. Mimi mwenyewe nina fomu ya maombi ya ufadhili wa namna hiyo mezani, na miongoni mwa maswali yake lipo linalouliza kwa nini nataka kwenda. Nikijibu kwa ukweli, nitasema nataka kukieneza Kiswahili, nataka kuona theluji, nataka shahada ya pili, na nataka kumjengea mama nyumba. Siioni aibu katika orodha hiyo. Ila nikifika huko nikadhani kuwa kuzaliwa nikizungumza Kiswahili kunatosha, nikarudia salamu na nyimbo muhula baada ya muhula, nitakuwa nimewatenda wanafunzi wa kigeni yale yale tunayoyalalamikia huku. Tena Kiswahili kitaonekana kuwa lugha ya salamu na nyimbo tu.

Ndiyo maana ninatoa pendekezo kwa chama chetu. Tangu UNESCO ilipoitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, mwaka 2021, sisi huiadhimisha kwa mashairi, maigizo na hotuba. Hayo ni mema. Lakini mwezi wa Julai ndio pia mwezi ambapo wengi wetu tuko likizoni na wageni wengi wako ufuoni. Hatuwezi kuandaa kozi fupi ya Kiswahili, ya wiki 1, kwa kila mgeni anayetaka kuingia darasani Kwale au Kilifi? Ajifunze salamu, ajifunze ngeli kidogo, ajifunze jinsi ya kumuuliza mwalimu mwenyeji swali na kulielewa jibu. Anayejifunza lugha ya watu huonja unyonge wa mwanafunzi, na unyonge huo ni sehemu ya ualimu ambayo haipatikani katika cheti cha saa 120. Atakayekataa kujifunza kwa wiki 1 atakuwa ameshajibu, bila sisi kumuuliza, iwapo anafaa kufundisha.

Methali zetu mbili, basi, hazipingani. Mwenyeji hupona pale mgeni anapolipokea jembe. Lakini tukumbuke kwamba jembe hutolewa na mwenyeji, na shamba huonyeshwa na mwenyeji; mgeni halimi popote apendapo, wala halimi upya tuta lililokwisha kupandwa. Walimu wetu wa msingi wa Pwani wamepanda. Kazi yetu sisi wasomi wa lugha ni kuhakikisha kwamba yeyote anayeingia shambani mwao, awe ametoka London au ametoka katika chuo chetu hiki, anauliza kwanza ni mbegu gani imeshaingia ardhini.