Tukifika Tabora

Kabla ya kuzichambua mofimu za masharti -ki-, -nge- na -ngali-, tunamwomba mwanachuo atuvumilie tumsimulie jambo la nyumbani kwetu. Tumeifundisha mada hii kwa miaka mingi, aghalabu kwa sentensi za ubaoni: mvua ikinyesha tutapanda mahindi, ningekuwa tajiri ningenunua ndege. Wanafunzi walizinakili, wakafaulu mtihani, nasi tukaridhika. Aliyetuonyesha upungufu wa mafundisho hayo ni mama yetu mzazi, mwenye umri wa miaka 72, siku tulipokwenda naye kituo cha mabasi cha Nyabugogo kuulizia nauli.

Mama alivuka mto Kagera pale Rusumo akiwa mtoto wa miaka minane, mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati familia nyingi za Rwanda zilipokimbilia Tanganyika. Akakulia huko, akasomea uuguzi, akafanya kazi Tabora. Ndiko tulikozaliwa sisi na dada yetu. Baada ya mwaka 1994 familia ilirejea Rwanda. Tangu hapo amekuwa akisema kwamba siku moja atawapeleka wajukuu wake wakaione Tabora. Mwaka huu aliacha kusema "siku moja", akataja mwezi: Julai, shule zitakapofungwa kwa likizo ndefu ya kiangazi.

Mpango wenyewe aliuandika kwa mkono katika daftari la kurasa 48. Wajukuu wanne, mkubwa wa miaka 15 na mdogo wa miaka minane, wangepanda naye basi la Dar es Salaam alfajiri hapo Nyabugogo, wapite Kayonza na Kirehe hadi Rusumo. Ng'ambo ya daraja gari huhamia upande wa kushoto wa barabara, na saa husogezwa mbele kwa saa moja. Wangelala Kahama kwa muuguzi mwenzake wa zamani, wateremke Nzega, wachukue basi jingine hadi Tabora. Huko wangekaa siku kumi katika nyumba ya jirani yetu wa zamani. Alikwisha kuwaonya watoto kwamba miembe wataiona, ila maembe hayaivi Julai. Kisha wangeelekea Dodoma, wapande treni ya umeme ambayo tangu mwaka 2024 inakwenda hadi Dar es Salaam, na mwisho wabishe hodi kwa mjomba. Kurasa zilizofuata zilikuwa za pasipoti, barua za ridhaa za wazazi, kadi za chanjo, shilingi za kubadilisha mpakani, na dawa zake za shinikizo la damu.

Mjukuu wa pili, binti wa miaka 12, alikuwa ameona katika simu wazee wa Marekani wakisafiri na wajukuu wao kiangazi kizima kwa gari lenye vitanda, jiko na choo ndani. Akauliza kwa nini nasi tusitafute gari kama hilo. Bibi yake alicheka, akamjibu: "Sisi nyumba zetu tumezitanguliza njiani, mjukuu wangu. Kahama ipo moja, Tabora ipo, Dar ipo." Jibu hilo lilitufurahisha siku ile. Hatukutambua bado kwamba lilikuwa na sharti ndani yake. Msafiri anayebeba nyumba yake anaweza kwenda mbali bila kumwamkia mtu. Anayelala katika nyumba za watu hana budi kujua kubisha hodi, kuamkia, kuomba maji na kushukuru.

Basi tukaenda Nyabugogo, mama, wajukuu wote wanne na sisi. Anayekijua kituo kile hahitaji kuelezwa msongamano wake: wapiga debe wanaita majina ya miji kwa Kinyarwanda, wachuuzi wanapitisha maji na mikate madirishani, mizigo inapita juu ya vichwa. Kwenye madirisha ya mabasi ya masafa marefu lugha hubadilika. Kijana mkata tiketi alimwona mama, akasimama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Habari za Dar?"

"Njema, bibi. Karibu." Kisha akamwinamia mjukuu mdogo. "Na wewe, bwana mdogo, unampeleka bibi wapi?"

Mtoto alinyamaza. Akamtazama kaka yake. Kaka akawatazama dada zake. Hatimaye wote wanne walitugeukia sisi wawatafsirie. Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda tangu mwaka 2017, na sisi tumekisomea hadi shahada ya uzamili. Tumewafundisha mamia ya walimu. Nyumbani tulizungumza Kinyarwanda, shuleni watoto wakapata Kiingereza na Kifaransa kidogo, na Kiswahili tukakiacha chuoni pamoja na chaki. Tulimjibu kijana kwa niaba ya mtoto, na tuliona haya.

Mama hakusema neno hadi tuliporudi nyumbani. Alikaa, akalikanda goti lake linalomsumbua, kisha akasema: "Ungaliwafundisha hawa watoto, ningalisafiri nao bila wasiwasi. Sasa nikiugua pale Nzega, nani atamwambia dereva?"

Mwanachuo aitazame kauli hiyo kwa makini. Sentensi ya kwanza ina -ngali- katika vishazi vyote viwili: wakati wa kufundisha umepita, na wasiwasi umekwisha kuingia. Hakuna jibu linaloweza kuufungua mlango huo. Sentensi ya pili ina -ki-: jambo linaweza kutokea, na bado lipo la kufanya. Kati ya sentensi hizo mbili mama alituhukumu, kisha akatupa nafasi.

Nasi tulijibuje? Kwa -nge-. "Tungewafundisha, mama, ila Julai imekaribia, na mitihani ya chuo inatusubiri tuisahihishe." Kazi hiyo ndiyo iliyotuzuia pia kufuatana nao. Mama alitutazama kwa muda, akasema: "Tungetunge haimfikishi mtu Nzega."

Tulianza jioni ile ile. Hatukutumia kitabu, tulitumia daftari la safari. Mwanzoni watoto walitafsiri neno kwa neno: "Kama bibi ataugua, nitasema dereva." Tukawaonyesha kwamba Kiswahili kinaweza kulibeba sharti ndani ya kitenzi chenyewe: akiugua, nitamwambia. Kinyume chake tukakipata kwa -sipo-: dereva asiposikia, tutamwambia kondakta. Mdogo alichukua sentensi moja iwe yake: "Samahani, bibi yetu anaumwa, tafadhali simamisha gari." Aliirudia kila usiku kabla ya kulala, bila mzaha.

Siku moja binti wa miaka 12 aliuliza itakuwaje iwapo wote watalala garini. Kesho yake tulikuta ukurasa mpya katika daftari, umeandikwa na watoto wenyewe, nasi hatukuombwa kuusahihisha: "Bibi akilala, mkubwa atakaa macho mpaka Rusumo. Mkubwa akichoka, ataniamsha mimi. Bibi akiumwa, mdogo atamwita dereva. Tukifika Tabora, tutabisha hodi." Mama aliusoma akiwa amevaa miwani, akaurudia mara ya pili, kisha akalifunga daftari na kuliweka katika mkoba wenye pasipoti.

Tunapoandika haya tiketi zimekwisha kununuliwa. Goti halijapona. Daktari amemshauri ateremke na kunyoosha miguu kila basi linaposimama, na watoto wameliongeza hilo katika zamu zao. Mtu akimuuliza mama kama kweli atasafiri, hasemi "nitasafiri" peke yake, husema, "Mungu akipenda, nitasafiri." Zamani tulilisikia neno hilo kama desturi tu ya wazee. Sasa tunamsikia mtu mwenye miaka 72 akitumia -ki- mahali pake hasa.

Kwa hiyo, mwanachuo, utakapofika kwenye jedwali la sura hii, kumbuka kwamba -nge- haiambatanishwi na -ngali- katika sentensi moja ya masharti, na kwamba wasemaji wengi siku hizi huweka -nge- palipostahili -ngali-. Wafundishe wanafunzi wako tofauti hiyo. Lakini kabla ya kuandika "ningekuwa tajiri" ubaoni, waulize kwanza ni safari gani inayopangwa nyumbani kwao, nani ataifunga mizigo, na wanahofia nini njiani. Watakapokujibu, watakuwa wamekwisha kuvitumia viambishi hivyo. Kazi yako itakuwa kuvitaja majina.