Nguo za Kupewa

Miaka ya 1980, huku Mahoo, karibu na mji wa Taveta, nguo ya kupewa haikufika kwa mtu na tundu. Bibi alipotaka kumpa jirani gauni, kwanza alilifua mferejini, akalianika, akalipiga pasi ya makaa. Kifungo kikikosekana, alimwaga kopo la vifungo alivyokuwa akivikata kwenye nguo zilizochakaa, akatafuta kinachofanana nacho. Asipokipata, alitoa vifungo vyote akashona vingine vinavyolingana. Kisha alilikunja gauni, akaliweka chini kabisa ya kikapu na kulifunika kwa ndizi, ili aliyelipokea asisomwe na macho ya watu njiani. Jumapili tukimwona yule mama amelivaa kanisani, ole wetu tukilitaja. “Mkishatoa, si chenu tena,” Bibi alituambia. “Hata kukitazama sana ni kukidai.”

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 milango ya biashara ilifunguliwa nchini Kenya, na mitumba ikamiminika. Soko la Taveta, Jumatano na Jumamosi, likajaa marobota. Nilikuwa nikimsaidia shangazi yangu kuuza, na hadi leo nakumbuka alivyonyamaza kila alipokata kamba. Robota la kilo 45 hulipiwa kabla hujaliona tumbo. Zikitoka nguo nzuri, zile wauzaji wanazoziita kamera, mtaji umerudi. Zikitoka fagia tupu, yaani zile mbovu, ada ya shule imekwenda. Nimeshika kwa mikono yangu sweta lililogandiwa na nta ya mshumaa, suruali iliyopasuka msambani, kiatu cha kushoto kisicho na cha kulia.

Nyingi ya nguo hizo zilianza safari kama sadaka. Huko Uingereza, ambako shirika la misaada la Oxfam lilifungua duka lake la kwanza mjini Oxford miaka ya 1940, watu hupeleka vitu vyao kwenye maduka ya hisani ili viuzwe na fedha zisaidie wenye shida. Wahudumu wengi hujitolea bila mshahara, na wanachoomba si kikubwa: kiwe safi, kizima, viatu vifungwe pamoja, mfuko usiachwe mlangoni usiku ukanyeshewa. Kisichouzika dukani huuzwa kwa jumla, kikachambuliwa, kikafungwa, kikapakiwa melini hadi Mombasa. Aliyetia kile kiatu kimoja mfukoni alirudi kwake akiamini ametoa. Uchafu aliokwepa kuutupa mwenyewe ukalipiwa na shangazi.

Kwa hiyo sisi tulio mwisho wa safari hiyo ndio tungepaswa kujua zaidi kuliko wote. Lakini mvua ikizidi kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mto Lumi ukavunja kingo na watu wakahamia madarasani, tazama tunachowaletea ndugu zetu. Nimeona magunia yakimwagwa sakafuni: viatu vya visigino virefu kwa watu waliosimama kwenye tope, sidiria zisizo na kamba, sare za shule ambayo haiko hata katika kaunti hii. Mama mmoja aliokota blauzi, akaigeuza, akaona kwapa lilivyooza, akairudisha taratibu kana kwamba yeye ndiye aliyekosa adabu. Akaondoka mikono mitupu. Watoto waliporudi darasani, rundo lilikuwa bado pale, limeloa, na walimu ndio waliolibeba kwenda kulichoma.

Jambo hili linaniuma kwa sababu hatukupungukiwa. Sabuni ipo, sindano ipo. Bibi hakuwa na simu, lakini alijua mtoto wa jirani amekua kiasi gani tangu Pasaka. Leo kila aliyefunga gunia ana simu mfukoni. Angempigia mzee wa kijiji, angeambiwa kwa dakika moja kinachotakiwa: leso, mablanketi, sufuria, sodo za wasichana, kaptula za watoto wa darasa la kwanza. Nimewauliza wazee kadhaa kama huwa wanapigiwa. Wanapigiwa lori likishafika, waje kupokea na kupigwa picha.